Alama za mtama katika vigae vya Sudan

Mtama wa mwitu ukikomaa hupukutisha punje zake wenyewe. Ukichelewa kuvuna, chakula kiko chini. Wakulima wa mashariki mwa Sudan, katika eneo la Butana karibu na Kassala, walipanda tena na tena mbegu za masuke yaliyoshikilia punje, hadi ukapatikana mtama unaosubiri kupurwa.

Ushahidi umo katika vigae vya vyungu vyao vya zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Wafinyanzi walichanganya makapi na udongo. Chungu kilipochomwa, makapi yaliungua yakaacha vishimo vyenye umbo lake kamili. Kwa hadubini huonekana kikonyo kilichochanika, dalili ya punje iliyong'olewa kwa kupura. Vingine vina kovu laini la punje iliyodondoka yenyewe, kwa hiyo mabadiliko yalikuwa bado yanaendelea. Ni nadra kuikuta kazi ya wakulima ikiwa katikati namna hii, na anayedai kwamba Waafrika walipokea tu mazao ya wengine avitazame vigae hivi.

Baadaye mtama ulivuka bahari hadi India, ukawa chakula cha mamilioni huko pia, kama ulivyo ugali wake Dodoma na Singida.