James Kirkman na Majina ya Nyumba za Gedi

Mwaka 1948 James Kirkman, mwanaakiolojia Mwingereza, aliteuliwa kuwa mlinzi wa magofu ya Gedi, karibu na Malindi. Mji huo ulikuwa umemezwa na msitu, na mizizi ya miti imekumbatia kuta za matumbawe. Kwa takriban miaka kumi Kirkman alifyeka, akachimba, akapima na kuchora. Alifukua msikiti mkuu, jumba la mtawala, visima na makaburi. Kaburi moja lilikuwa na maandishi ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399 Miladia, na tarehe hiyo ikamfaa sana katika kupanga zamani za mji.

Nyumba hazikuwa na majina ya wenyewe. Akaziita kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe, Nyumba ya Sarafu ya Kichina. Wageni wanaozuru Gedi hadi leo huzijua kwa majina hayo.

Kutoka Gedi alikwenda Mombasa. Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, ilikuwa gereza hadi 1958. Kirkman aliigeuza kuwa makumbusho, akawa mhifadhi wake hadi alipostaafu mwaka 1972.

Mchango huo haupuuziki. Hata hivyo, kitabu chake cha mwaka 1954 kiliitwa "The Arab City of Gedi", na katika jina hilo mna hukumu: kwamba mji ni wa Waarabu, na wenyeji wa bara ni majirani tu. Wataalamu wengi wa zama zake waliamini hivyo. Ushahidi wenyewe pia ulielemea upande huo. Jiwe hudumu, ilhali udongo na makuti huoza. Vyombo vya China na Uajemi hujulikana umri wake, navyo vyungu vya nyumbani ni vigumu kuvikadiria, ingawa Kirkman mwenyewe alijitahidi kuviainisha.

Katika miaka ya 1980 Mark Horton alichimba Shanga, kisiwani Pate, akashuka chini ya msikiti wa mawe. Huko alikuta misikiti midogo ya miti na udongo, ya zamani zaidi, iliyofuatana mahali pale pale tangu karne ya 8. Mji wa mawe, basi, ulichipuka katika kijiji cha watu wa pwani hiyo hiyo. Naye James de Vere Allen, mhifadhi wa Makumbusho ya Lamu, alitafuta asili ya Waswahili barani Afrika katika kitabu kilichotoka mwaka 1993, baada ya kufa kwake.

Ramani na michoro ya Kirkman ndiyo inayotuwezesha leo kumsahihisha. Mwaka 2024 Gedi iliingizwa katika Urithi wa Dunia. Kazi iliyobaki ni kuwatafuta waliokaa katika nyumba za udongo, ambao hawakuacha mkasi wala sarafu ya kuwapa jina.