Korosho, Kadi ya Matibabu na Mkono wa Siasa: Masasi na Newala, 1993–2018

Tumezoea kusema kwamba siasa iiache tiba ifanye kazi yake. Historia ya Masasi na Newala haikubaliani na kauli hiyo. Daktari Leader Stirling, aliyefika Masasi mwaka 1935 kama tabibu wa misheni na kujenga hospitali ya Lulindi, baadaye aliingia bungeni, na kuanzia 1975 hadi 1980 alikuwa Waziri wa Afya. Siasa ndiyo iliyosogeza zahanati vijijini baada ya Azimio la Arusha. Swali, basi, ni siasa inaingia katika afya kwa namna gani, na gharama yake humwangukia nani.

Mwaka 1993 Serikali ilianza kuwatoza wagonjwa katika hospitali zake. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa Igunga, na mwaka 2001 ukatungiwa sheria, Rais akiwa Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi. Halmashauri ilipanga kiwango, kaya ikalipa mara moja kwa mwaka, na Serikali Kuu ikaahidi kuongeza kiasi kile kile, yaani tele kwa tele. Hoja yake ilikuwa nyepesi: familia ilipe siku inapokuwa na fedha, itibiwe siku isipokuwa nazo.

Kwa mkulima wa Newala au Masasi, fedha huja na msimu wa korosho. Kuanzia Oktoba hupeleka mzigo wake katika chama cha msingi, kisha mnada hufanyika kupitia vyama vikuu, TANECU kwa Newala na MAMCU kwa Masasi. Ada, sare, bati na kadi ya matibabu, vyote husubiri malipo hayo.

Mwaka 2018 mikono miwili ya Serikali ilifanya kazi bila kutazamana. Mkono mmoja ulileta mfuko ulioboreshwa: shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Mkono wa pili ulihamishia Mfuko Mkuu wa Hazina sehemu ya ushuru wa korosho iliyokuwa ikiendeleza zao hilo. Wakulima walipokataa bei za mnada, Rais John Magufuli alitangaza mwezi Novemba kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likishiriki kuzisomba. Bei hiyo ilishangiliwa. Kisha ukafuata uhakiki wa kuwasaka walanguzi wa kangomba, na wakulima wengi wakasubiri malipo kwa miezi.

Sidai kwamba kila kadi ambayo haikukatwa ilikosekana kwa sababu ya korosho. Zahanati isiyo na dawa nayo hufukuza wanachama. Ninachosema ni kwamba mageuzi ya afya yaliyojengwa juu ya mchango wa mkulima huvurugwa na uamuzi wowote wa jukwaani unaogusa mfuko wake, hata kama uamuzi huo haukutaja hospitali.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeifanya bima kuwa wajibu. Watumishi wanaopanga utekelezaji wake waweke kalenda ya malipo ya mazao mezani pamoja na orodha ya wanachama. Kabla ya kumuuliza mkulima wa Newala kwa nini hana kadi, tumuulize alilipwa lini.