Wangari Maathai: kabla ya miti, alikuwa mtaalamu wa seli

Wasikilizaji wetu wengi wanamfahamu Wangari Maathai kwa sababu ya miti, na kwa Tuzo ya Nobeli ya Amani aliyopewa mwaka 2004. Wachache wanajua kwamba kazi aliyoisomea ilikuwa ya hadubini, kile chombo ambacho mtaalamu wa maabara hukiinamia ukienda kupima malaria.

Safari ya masomo

Alizaliwa mwaka 1940 kijijini Ihithe, Nyeri, nchini Kenya. Mwaka 1960 alikwenda kusoma Marekani. Alipata shahada ya kwanza ya biolojia mwaka 1964 huko Kansas, na ya uzamili mwaka 1966 katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh.

Alirudi Nairobi akiwa na barua ya kazi mkononi. Alipofika chuoni akaambiwa nafasi ile amepewa mtu mwingine. Mwenyewe aliamini sababu ni jinsia yake na kabila lake. Aliyemwajiri ni Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani aliyekuwa akijenga idara ya anatomia ya mifugo, na ndiye aliyemhimiza aendelee na masomo. Mwaka 1967 alikwenda Ujerumani, katika vyuo vya Giessen na Munich, akarejea mwaka 1969. Mwaka 1971 alipata shahada ya uzamivu mjini Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufika hapo.

Alichunguza nini?

Alichunguza jinsi tezi za uzazi za ndama zinavyoumbika tumboni mwa mama. Mwanzoni tezi hizo hufanana, awe dume au jike. Mimba ikifika takriban siku 40, za dume huanza kujipanga kuwa korodani. Za jike huchelewa kidogo, kisha huwa vifuko vya mayai. Ili kuona hayo, mtaalamu hukata vipande vyembamba mno, huvitia rangi, kisha huvisoma kwa hadubini.

Elimu ya namna hii inamgusa mfugaji. Ng'ombe akizaa mapacha, dume na jike, yule jike mara nyingi huwa tasa. Hajarogwa. Mishipa ya damu ya kondo zao huungana, na homoni za dume humfikia dada yake wakati tezi zake bado zinaumbika. Kabla ya kumlisha miaka ukisubiri azae, mwite mtaalamu wa mifugo amkague.

Kutoka kupe hadi miti

Miaka ya 1970 alifanya utafiti wa kupe wanaoeneza ndigana kali. Akiwatafuta kupe mashambani aliona ng'ombe waliokonda na mito iliyojaa tope. Akatambua kwamba ardhi iliyovuliwa miti inawaumiza ng'ombe kuliko hata kupe. Mwaka 1977 akaanzisha harakati ya kupanda miti pamoja na wanawake wa vijijini.

Chuoni aliongoza idara yake kuanzia mwaka 1976, akawa profesa mshiriki mwaka 1977, na alidai wafanyakazi wanawake wapate stahili sawa na wanaume. Mwaka 1982 alijiuzulu ili agombee ubunge. Akaenguliwa, na chuo kikakataa kumrudisha kazini. Hapo ndipo maabara ilipompoteza.

Alifariki dunia Septemba 2011. Binti anayesoma biolojia Masasi au Newala leo anaisoma njia ambayo mwanamke wa ukanda huu alishaipita.