Mafundi wa Fedha na Chembe Saidizi za Ubongo

Chembe za ubongo hazina rangi. Tabibu wa karne ya 19 aliyekata kipande cha ubongo wa maiti na kukitia chini ya hadubini aliona ukungu wa kijivu tu, na ndiyo sababu tarehe ya ilimu ya ubongo ni, kwa sehemu kubwa, tarehe ya mafundi wa kutia rangi, watu wa chupa na chumvi na subira, ambao majina yao hayakumbukwi ipasavyo na sisi tunaofaidi kazi yao. Camillo Golgi, akihudumu katika hospitali ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona huko Abbiategrasso, karibu na Milan, alifanyia majaribio yake jikoni, na mwaka 1873 akatangaza kwamba kipande cha ubongo kilichokazwa kwa chumvi ya kromi, kisha kikatumbukizwa katika nitrati ya fedha, hutoa chembe chache zilizokolea weusi tangu shina hadi ncha ya kila utanzu, ilhali jirani zake zote hubaki hazionekani.

Kwa ufundi huo Santiago Ramón y Cajal wa Hispania aliichora ramani ya chembe za neva, na mwaka 1906 akatunukiwa Nishani ya Nobel pamoja na Golgi. Fikira za wataalamu zikaelekea kwa neva, maana ndizo zipelekazo habari. Chembe zilizozizunguka, ambazo Rudolf Virchow mwaka 1856 alizihesabu kuwa kama gundi ya kushikiza, ziliachwa nyuma. Cajal mwenyewe alipata, mwaka 1913, njia ya kuzidhihirisha kwa dhahabu zile zenye umbo la nyota, yaani astrosaiti, lakini lilisalia kundi jingine ambalo dhahabu haikuligusa.

Aliyelidhihirisha ni Pío del Río Hortega, kijana aliyefanya kazi katika maabara za Madrid alikofanya kazi Cajal. Yeye aliacha nitrati akatumia kaboneti ya fedha iliyoyeyushwa kwa amonia, na mwaka 1919 akaonyesha chembe ndogo, zenye vitanzu vyembamba vilivyojaa miiba, akaziita mikroglia. Hakuishia kuzichora. Alizitazama katika ubongo uliojeruhiwa, akaona jinsi zinavyorudisha vitanzu vyao, zikavimba, zikawa duara, zikaanza kumeza mabaki ya chembe zilizokufa. Akasema pia, kinyume cha rai ya wengi, kwamba asili yake si moja na ile ya neva, bali huingia ubongoni kutoka nje wakati wa uchanga. Malipo yake yalikuwa machungu: alikosana na Cajal akaondolewa katika maabara yake mwaka 1920, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vikamtoa Hispania, akafariki Buenos Aires mwaka 1945. Namwona kuwa miongoni mwa mafundi waliodhulumiwa zaidi katika fani hii, kwani kwa miongo kadhaa baada yake mikroglia hazikushughulikiwa ila na wachache.

Kisha ukaja UKIMWI. Tangu mwaka 1981 madaktari wa Marekani waliwaona wagonjwa vijana wakipungua wepesi wa fikira, wakisahau mambo ya jana, miguu ikilegea, na wengi walidhani ni huzuni au maradhi nyemelezi. Mwaka 1985 George Shaw na wenzake walipima bongo za marehemu wenye hali hiyo, wakakuta ndani ya baadhi yake virusi vya UKIMWI vyenyewe. Mwaka uliofuata Bradford Navia, Barry Jordan na Richard Price wa New York wakaueleza ugonjwa huo kwa ukamilifu, na katika mwaka huo huo wachunguzi wengine wakabainisha kwamba chembe zilizobeba virusi si neva, bali ni makrofaji, yaani chembe zinazomeza uchafu, na jamaa zake mikroglia, pamoja na majitu yenye viini vingi yanayozaliwa chembe kadhaa zinapoungana. Chembe alizozidhihirisha Hortega kwa fedha ndizo zilizokuwa maskani ya virusi.

Virusi huwahi mno kufika ubongoni. Katika uchunguzi uliofanywa Thailand, vilionekana katika maji ya uti wa mgongo siku 8 tu baada ya siku iliyokadiriwa ya maambukizi. Inadhaniwa kwamba huvushwa aghalabu na chembe nyeupe za damu zilizokwisha kuambukizwa, ambazo zina idhini ya kupita katika kuta za mishipa ya ubongo. Vikifika, hujishikiza kwenye vipokezi viwili vya mikroglia, CD4 na CCR5, tando zikaungana, na kimeng'enya cha virusi kikageuza nakala ya RNA kuwa DNA inayopachikwa katika DNA ya chembe yenyewe. Hapo chembe hufanywa mtumishi: huunda protini za virusi na kutoa vingine vipya, wala haifi upesi kama zifavyo chembe za CD4 za damuni, bali huweza kuishi miaka. Astrosaiti hazina CD4, na uzalishaji ndani yake ni haba. Lakini sumu zinazotolewa na chembe zilizoambukizwa huzizuia zisiondoe glutamati, na glutamati ikizidi huzidhuru neva, ambazo virusi havikuziingia kamwe.

Kwetu Afrika Mashariki habari hii ilichelewa kupewa nadhari, kwa kuwa matabibu wa Rakai na Kagera walikuwa wakizama katika kuhara, kukonda na kifua kikuu. Hata hivyo kipimo cha kuutambua upungufu huo wa fikira, kilichochapishwa mwaka 2005 kwa ajili ya nchi zenye vifaa vichache kilijaribiwa Uganda pia: mgonjwa hupewa maneno manne, mbwa, kofia, haragwe, nyekundu; hugonganisha kidole gumba na cha shahada upesi kwa sekunde 5; hukunja ngumi, hulaza kiganja mezani, husimamisha mkono kwa ubavu, kwa sekunde 10; kisha huulizwa maneno yale. Alama ni 12, na anayepata 10 au pungufu huhitaji kuchunguzwa zaidi.

Dawa za leo huvidhibiti virusi katika damu, na upungufu ule mkali wa fikira wa miaka ya 1980 umekuwa nadra. Lakini mwaka 2023 wachunguzi wa Marekani walitenga mikroglia kutoka kwa watu waliotumia dawa kwa uaminifu na kuidhinisha, wakingali hai, miili yao ichunguzwe mara wakifariki, wakakuta ndani yake virusi vyenye uwezo wa kuzaana tena.