Prosesa ya simu ndani ya laptopu

Huku Silibwet stima imepotea tena. Betri ya laptopu yangu ya Intel inakata roho, simu bado ina asilimia 70. Ndipo watu huniuliza: mbona prosesa ya simu isiwekwe kwenye laptopu?

Kumbe ilianzia kwenye kompyuta! ARM ya kwanza ilibuniwa na Sophie Wilson na Steve Furber katika kampuni ya Acorn, Cambridge, Uingereza, ikawashwa Aprili 1985. Mwaka 1992 Acorn ikatoa laptopu ya ARM, A4. Simu ziliichukua baadaye kwa kuwa inakula umeme kidogo. Hapa Kenya wengi tuliibeba mfukoni bila kujua, kwenye Nokia, kisha Huawei IDEOS ya 2011.

Kilichoikwamisha ni programu. Windows RT ya 2012 haikuweza kuendesha programu za zamani za Intel, ikakosa wanunuzi. Apple ilipotoa M1 mwaka 2020 iliweka na kitafsiri cha programu hizo, Rosetta 2. Kufikia Juni 2023 haikuwa ikitengeneza tena Mac mpya za Intel.

Nami nimo kwenye lawama. Juzi jirani alinunua laptopu ya Windows yenye ARM. Programu niliyomwandikia ya kujumlisha kilo za majani chai ilifunguka, lakini printa ya risiti ikagoma: draiva niliyoiandika ni ya Intel tu, na draiva haitafsiriwi. Msimbo wake niliupoteza zamani. Itabidi niandike upya, stima ikirudi.