Kifungu cha Majimbo: Asili ya Sheria ya Ujerumani ya Kuhifadhi Hewa Ukaa Ardhini, 2009–2012

Kukwama kwa mpango wa Ujerumani wa kuhifadhi hewa ukaa chini ya ardhi huelezwa mara nyingi kuwa ni ushindi wa hofu ya wananchi. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi. Hofu ilikuwepo katika nchi nyingine pia. Kilichoipa nguvu ya kisheria nchini Ujerumani ni muundo wa shirikisho, ambamo jimbo lililotakiwa kutoa miamba halikuwa lazima liwe jimbo lililonufaika na makaa ya mawe.

Msingi wa sheria hiyo uliwekwa na Umoja wa Ulaya kupitia Mwongozo namba 31 wa mwaka 2009. Mwongozo huo uliweka masharti ya leseni, ukaguzi na dhima, lakini kifungu cha 4 kiliiachia kila nchi mwanachama haki ya kuamua ni wapi hifadhi iruhusiwe, au isiruhusiwe kabisa. Ujerumani iliichukua haki hiyo na kuishusha ngazi moja zaidi.

Chanzo kilikuwa kaskazini. Kampuni ya RWE ilikusudia kukamata hewa ukaa katika kituo cha umeme cha Hürth, jimboni Nordrhein-Westfalen, na kuisafirisha kwa bomba hadi Schleswig-Holstein, kwenye miamba yenye vinyweleo iliyojaa maji ya chumvi. Wakazi wa huko walihoji kwa nini wapokee taka za umeme wa wengine. Waziri Mkuu wa jimbo, Peter Harry Carstensen, alitoka chama kimoja na Kansela Angela Merkel, lakini alisimama upande wa wakazi. Muswada wa kwanza uliwekwa kando Juni 2009, miezi mitatu kabla ya uchaguzi mkuu.

Muswada wa pili ulipita katika Bunge la Shirikisho Julai 2011 ukiwa na kifungu cha majimbo. Upinzani wa Brandenburg ndio unaofunza zaidi. Jimbo hilo lilikuwa na makaa ya mawe na miamba pia. Kampuni ya Vattenfall ilipanga mtambo wa majaribio Jänschwalde, huku wakazi wa Beeskow na Neutrebbin, walioishi juu ya maeneo yaliyokusudiwa, wakipinga. Serikali ya Brandenburg iliitaka teknolojia hiyo, ila ilikikataa kifungu: majimbo mengine yakijitoa, mzigo wote ungebaki kwake. Baraza la Majimbo likaukataa muswada huo Septemba 2011, na Desemba Vattenfall ikaufuta mradi wa Jänschwalde.

Sheria iliyotoka katika Kamati ya Usuluhishi ilianza kutumika Agosti 2012. Iliruhusu tani milioni 4 kwa mwaka nchi nzima na tani milioni 1.3 kwa kila hifadhi, na mwisho wa kupokea maombi ukawekwa kuwa 2016. Kuhusu majimbo, maneno yake yanastahili kusomwa kwa makini: jimbo laweza kuruhusu au kukataza hifadhi katika "maeneo fulani", baada ya kupima matumizi mengine ya ardhi, hali ya kijiolojia na maslahi ya umma. Kwa usomaji wangu, hiyo ni ruhusa ya kuchagua maeneo, si ya kufunga jimbo zima. Hata hivyo, Mecklenburg-Vorpommern, Schleswig-Holstein na Niedersachsen yalitunga sheria zilizofunga maeneo yake yote. Berlin haikuwa na sababu kubwa ya kisiasa ya kuyapinga, kwani kifungu kilikuwa kimeiondolea uamuzi iliokuwa ikiukwepa tangu 2009.

Hadi muda ulipokwisha, hapakuwa na ombi hata moja. Hifadhi pekee iliyowahi kufanya kazi katika ardhi ya Ujerumani, ile ya utafiti ya Ketzin huko Brandenburg, ilipokea takriban tani 67,000 kati ya 2008 na 2013. Leseni yake ilitolewa chini ya sheria ya madini.