Kioo cheusi kinachopitisha mwanga usioonekana

KIOO cha nyaya za intaneti hutengenezwa kwa silika, yaani silikoni iliyoungana na oksijeni, vitu vinavyopatikana tele katika mchanga. Kwa mawasiliano ya mbali, hakuna kioo kilichowahi kukishinda. Nyaya za TEAMS na SEACOM zilizofika Mombasa mwaka 2009 hupitisha mwanga wa infraredi ambao urefu wa wimbi lake ni maikromita 1.55 hivi. Hapo ndipo silika hupoteza nuru kidogo kabisa: husafiri kilomita 15 kabla ya kupungua kwa nusu.

Hata hivyo, ukivuka maikromita mbili na ushei, silika hugeuka kuwa ukuta. Atomu zake ni nyepesi na zimeshikana kwa nguvu. Mitetemo yake hulandana na ile ya mwanga wa mawimbi marefu, nao humezwa wote.

Ndiyo sababu wanasayansi waligeukia jamii nyingine ya vioo, iitwayo kalkojenaidi. Katika vioo hivi, nafasi ya oksijeni huchukuliwa na salfa, seleniamu au teluriamu, zikichanganywa na aseniki au jemaniamu. Mwaka 1950 mwanafizikia Rudolf Frerichs alionyesha kuwa kioo cha aseniki na salfa hupitisha infraredi hadi maikromita 12 hivi. Atomu nzito zilizoshikana kwa ulegevu hutetemeka polepole, na hivyo ukuta ule husogezwa mbali. Kioo cha salfa huwa na rangi ya machungwa iliyokolea; cha seleniamu ni cheusi tititi, na mtu akikiweka mbele ya macho haoni kitu. Lakini kamera ya kupimia joto huona kupitia kwacho bila shida, na baadhi ya lenzi za kamera hizo hufinyangwa kwa kioo cha aina hiyo.

Sifa iliyowavutia zaidi watafiti ni nyingine. Katika hali ya kawaida, kioo hakijali wingi wa nuru inayopita ndani yake. Taa mbili zikivuka njia, kila moja huendelea na safari kana kwamba mwenzake hayupo. Leza ilipobuniwa mwaka 1960, nuru kali kupita kiasi ilipatikana, na utaratibu huo ukavunjika. Mwaka 1961 Peter Franken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walipitisha leza nyekundu katika fuwele ya kwatzi, ikazaa nuru hafifu yenye nusu ya urefu wa wimbi. Katika makala yao kwenye jarida la Physical Review Letters, mshale unaelekeza mahali pa doa la nuru hiyo, lakini doa halipo. Inasimuliwa kuwa mhariri alidhani ni uchafu wa picha, akalifuta. Wahariri wa magazeti wana la kujifariji.

Kioo hakina mpangilio wa fuwele, kwa hivyo miujiza ya Franken haitokei ndani yake ila kwa uchache mno. Kinachobaki ni athari iliyopewa jina la Mskoti John Kerr, aliyegundua mwaka 1875 kuwa umeme hubadilisha jinsi kioo kinavyopinda mwanga. Nuru kali nayo hufanya vivyo hivyo: huzisukuma elektroni za kioo, na kadiri inavyokuwa kali ndivyo inavyojipunguzia mwendo. Kwa maneno mengine, mwanga huibadilisha njia ileile unayoipita. Elektroni za kalkojenaidi, kwa kuwa zimeshikwa kwa ulegevu, husukumika kwa urahisi zaidi. Athari hiyo katika kioo cha aseniki na salfa huzidi ile ya silika zaidi ya mara 100, na katika cha seleniamu mara mia kadhaa.

Matokeo yake ni ya ajabu. Chukua mpigo mfupi wa leza. Kilele chake, penye nuru nyingi, hucheleweshwa kuliko kingo zake. Mawimbi ya sehemu ya mbele hunyooshwa yakaelekea upande wa nyekundu. Ya nyuma hubanwa yakaelekea upande wa buluu. Mpigo ulioingia na rangi moja hutoka na rangi nyingi. Mwaka 2014 watafiti walioongozwa na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark waliingiza mipigo ya maikromita 6.3 katika uzi wa kalkojenaidi usiofika sentimita 10, wakapata nuru iliyoenea kutoka maikromita 1.4 hadi 13.3.

Umuhimu wa eneo hilo la mwanga ni kwamba kila molekuli huacha alama yake humo. Methani hunyonya nuru karibu na maikromita 3.3, kaboni dioksidi 4.3. Chanzo kimoja chenye rangi zote hizo kinaweza kutambua gesi inayovuja katika bomba, au tishu ya saratani chini ya hadubini.

Upande wa mawasiliano, silikoni ya kompyuta ina athari kubwa ya Kerr pia, lakini ina kasoro: fotoni mbili za maikromita 1.55 zikiungana zina nishati ya kutosha kung'oa elektroni, na nuru hupotea. Kioo cha aseniki na salfa huhitaji nishati zaidi ya hiyo, kwa hivyo hasara ni ndogo. Mwaka 2009 wataalamu wa Denmark na Australia walitumia mfereji wa kioo hicho, wa sentimita 5, kuchambua mkondo wa data wa biti bilioni 640 kwa sekunde, mwanga ukidhibiti mwanga bila umeme kuingilia kati.

Ulegevu unaokipa kioo hiki nguvu ndio pia unaokidhoofisha. Hulainika kwenye nyuzijoto 200 hivi, huharibika leza ikizidi, na nuru ya muda mrefu hukibadilisha sifa. Aseniki ni sumu, na wapo wanaotengeneza vioo vya jemaniamu visivyo nayo. Kisha kuna uchafu: chembe kidogo tu za maji au oksijeni humeza infraredi, na kusafisha malighafi ni kazi ghali. Nyuzi nyingi zilizo sokoni hupoteza nusu ya nuru baada ya mita chache au makumi ya mita. Kwa hivyo hakuna anayefikiria kuzilaza baharini. Kazi yake ni ndani ya maabara na vifaa vya kupimia, ambako sentimita chache zinatosha.